Masika na Mtoto Chumbani: Michezo ya Ndani kwa Watoto wa Mwaka Mmoja Hadi Mitatu

Mvua za masika zinapoingia Mombasa, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Machi na kushika kasi mwezi wa Mei, mtoto mdogo ndiye wa kwanza kufungiwa ndani. Uani kumejaa maji, baraza imelowa na njia ya kwenda kwa jirani ni tope. Mtu mzima huvaa kandambili akapita zake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye juzi tu alikuwa akisimama dede, hubaki chumbani na nguvu zake zote.

Chumba chenyewe mara nyingi ni kidogo. Nyumba nyingi za Kiswahili katika mitaa kama Majengo, Likoni na Kisauni zimejengwa kwa vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi mmoja, na kila chumba kina mpangaji wake. Ndani ya futi 10 kwa 10 hukaa kitanda, kabati, mitungi ya maji, ndoo, na siku ya mvua hata jiko. Mahali pa mtoto kuchezea ni pale panapobaki.

Tuchukue mfano wa mama anayepika mahamri na mbaazi kwa ajili ya kuuza. Mtoto wake ana miezi 21. Siku za jua, mtoto akishaamka hutoka uani kwa watoto wenzake, na mama hufanya kazi yake akimtupia jicho. Siku ya mvua mtoto yuko miguuni pake, na mafuta yako motoni. Njia za haraka ni tatu: ambebe mgongoni huku akikaanga, amwekee simu mbele ya macho, au amfungie kitandani alie mpaka achoke. Ya kwanza inaweza kumuunguza mtoto. Ya pili itazungumziwa hapa chini. Ya tatu wengi wameijaribu, na kila jirani wa ukumbini anajua inavyokwisha.

Iko njia nyingine isiyohitaji kununua kitu. Mtoto wa umri huu hahitaji duka la vitu vya kuchezea. Anachotaka ni kufanya kile anachowaona wakubwa wakifanya, kwa vyombo vile vile, na awepo mtu wa kumjibu anapoonyesha alichopata. Kwake yeye, kuchota, kumimina, kufunika, kufunua, kutia na kutoa ni kazi kamili. Kwa kazi hizo mikono yake hupata nguvu, ulimi wake hupata maneno, naye hujifunza kwamba kitu kikubwa hakiingii ndani ya kidogo.

Kwanza, chumba kikaguliwe

Kabla ya mchezo wowote, mlezi apige magoti mpaka kichwa chake kilingane na cha mtoto, kisha atazame chumba kutoka hapo. Ataona mambo ambayo mtu aliyesimama hayaoni: waya wa pasi unaoning'inia, mpini wa sufuria uliotokeza nje ya jiko, rimoti ambayo kifuniko chake cha betri kimepotea, na chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa chini ya kitanda.

Chupa hiyo ya soda ndiyo ya kuondolewa kwanza. Mtoto anaijua chupa ya soda, na hana sababu ya kudhani kwamba kilichomo ni kitu kingine. Mafuta ya taa, dawa ya kusafishia choo na sumu ya panya vikae juu, ndani ya vyombo vyake vya asili. Mtoto akinywa mafuta ya taa, asitapishwe, kwa sababu mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu na kudhuru zaidi. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Betri ndogo za duara, zile bapa kama kifungo zinazowekwa katika saa na vitu vya kuchezea vyenye taa, ni hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuanza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa 2. Hapo hakuna kungoja ipite yenyewe.

Ndoo na beseni zenye maji zifunikwe au zimwagwe. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na ukubwa wa mwili wake. Akiinama kuchungulia hutangulia kichwa, na hana nguvu ya kujinyanyua. Maji ya kina cha sentimita 5 tu yanatosha kumzamisha, tena hufanyika kimya kimya, bila kelele ya kumwita mtu.

Wakati wa mvua watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha ili maji yasiingie. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtoto huidhurika haraka kuliko mkubwa. Jiko likae mahali penye hewa inayopita, na lisiwe ndani ya chumba wanamolala watu.

Kisha uwekwe mpaka kati ya mtoto na moto. Mstari wa chaki haumzuii mtoto wa miezi 21. Benchi lililolazwa ubavu, meza au kitanda kilichosogezwa humzuia angalau kwa muda. Mkeka wa mtoto utandikwe upande wa pili wa chumba, na mahali hapo pawe pake kila siku ili apazoee. Hata hivyo, hakuna mchezo unaochukua nafasi ya jicho la mtu mzima wakati mafuta yako motoni. Kama yupo wa kumshika mtoto kwa nusu saa hiyo, awe baba, nyanya, babu au jirani, basi wakati wa kumwomba ni huo, si baada ya kazi kwisha.

Kikapu cha vyombo

Mchezo wa kwanza ni rahisi kiasi cha kutiliwa shaka. Mlezi achukue kikapu au karai, atie vyombo kumi au kumi na viwili vya nyumbani, akiweke mkekani na kumwacha mtoto avichambue. Elinor Goldschmied, mtaalamu wa malezi kutoka Uingereza aliyezaliwa mwaka wa 1910, aliyefanya kazi pia nchini Italia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alijulikana kwa kufundisha jambo hili hili: watoto wadogo wapewe kikapu cha vitu vya kawaida vya mbao, chuma, nguo na ngozi, kwa sababu vitu hivyo hutofautiana kwa uzito, baridi, harufu na sauti, ilhali vitu vya plastiki vya dukani karibu vyote hufanana mkononi.

Jikoni mwa Mombasa kikapu hicho hujaa bila shida. Kuna mwiko, upawa, kifuniko cha sufuria, chujio la chai, kata, kifuu kilichosuguliwa hadi kikawa laini, kipande cha dodoki kikavu, pepeo la ukindu, kawa, bakuli la bati, kikombe cha plastiki na kipande cha leso. Mbuzi ya kukunia nazi isikaribie mahali hapo, wala kisu, uma au glasi. Kila kitu kiwe kikubwa kuliko kinywa cha mtoto. Kipimo kizuri ni bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha: kitu kinachopenya ndani ya bomba hilo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3.

Mlezi asimwonyeshe mtoto namna ya kucheza. Hapa ndipo wakubwa wengi wanapoharibu. Mtoto akiweka kifuu kichwani kama kofia, au akipepea kifuniko cha sufuria badala ya pepeo, hajakosea, anachunguza. Akiinua kitu na kumtazama mlezi, hapo ndipo anapohitaji kujibiwa, na jibu linaweza kuwa fupi tu: "Eeh, umepata upawa. Upawa mkubwa!" Kisha aachwe aendelee.

Asitarajiwe kukaa na kikapu saa nzima. Mtoto wa miaka 2 hukaa na jambo moja kwa dakika chache, kisha macho yake hutafuta lingine. Siku moja vyombo vyenyewe havitamvutia tena. Basi nusu yake vifichwe ndani ya gunia juu ya kabati kwa siku nne au tano, kisha virudi na vile vya mkekani vipumzike. Kitu kilichopotea kikarudi hupokewa kama kipya. Hiyo ni nafuu kwa mfuko wa mzazi, ingawa muuza vitu vya kuchezea pale sokoni hatafurahi.

Baada ya kikapu hufuata kazi ya kutia na kutoa. Chombo cha plastiki chenye kifuniko, kama kile cha majarini kubwa, kikatwe tundu juu, na mtoto apewe vibanio vya nguo avidumbukize kimoja kimoja. Kopo la bati lisitumike ikiwa ukingo wake unakata. Watoto wengine hurudia kazi hii mara ishirini. Wanapofanya hivyo wanajifunza kulenga na kushika kwa vidole viwili, na vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli darasani.

Maji, unga na viazi

Maji ndiyo yanayomtuliza mtoto kuliko kitu chochote kingine cha nyumbani. Beseni pana litiwe maji ya kina cha vidole viwili, liwekwe juu ya gunia au leso kuukuu, na mtoto apewe vikombe viwili vya ukubwa tofauti, kata, na chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu. Mlezi akae pale pale, mkono ukiweza kumfikia mtoto, muda wote. Simu ikilia au mteja akibisha hodi, mtoto ainuliwe aende naye. Mchezo ukiisha maji yamwagwe hapo hapo.

Nyumba nyingi hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na mzazi ana haki ya kuuliza kama ni sawa kuchezea maji ya kununua. Jibu ni kwamba hayapotei. Maji safi yasiyo na sabuni aliyochezea mtoto yanafaa kupigia deki au kumwagia chooni. Jambo la muhimu ni mtoto acheze kwanza, deki ifuate, wala si kinyume chake.

Siku ya kupika chapati au mahamri, mtoto apewe donge lake la unga uliokandwa, ukubwa wa ndimu mbili. Atalibonyeza, atalivuta, ataligonga kwa kikombe na kutoboa macho kwa kidole. Asile, kwa kuwa unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu na huleta maumivu ya tumbo. Akianza kulitia kinywani kila mara, bado umri wake haujafika. Lirudishwe, ajaribu tena baada ya mwezi. Yako maelekezo yanayoshauri donge la kuchezea litiwe chumvi nyingi ili lisioze. Kwa mtoto anayeonja kila kitu chumvi hiyo inaweza kuwa hatari. Donge la kawaida linatosha, nalo hutupwa jioni.

Mchezo wa kupanga unaweza kufanywa kwa vitu vilivyotoka sokoni asubuhi. Viazi na vitunguu vimwagwe pamoja juu ya uteo, na mtoto avitenge, viazi kapuni, vitunguu kwenye karai. Mwanzoni atachanganya. Mlezi ataje kila kimoja kinapopita: kiazi, kitunguu, kiazi, kiazi kikubwa. Mtoto wa miaka 3 anaweza kwenda mbele zaidi, akapanga viazi kuanzia kidogo hadi kikubwa, au akamhesabia nyanya yake vitatu vya mchuzi. Na hapo mama anakuwa ametengewa viungo vyake.

Maharagwe, mahindi, njugu na mbaazi ni jambo tofauti. Baadhi ya picha zinazosambazwa kwenye simu huonyesha watoto wadogo wakichezea nafaka katika sinia, na zinapendeza kutazama. Lakini haragwe likiingia puani hunyonya unyevu na kufura, na kulitoa kunahitaji daktari. Njugu ikipita njia ya hewa inaweza kuua. Kwa watoto wa chini ya miaka 3 nafaka zikae mfukoni mwake, na mtoto apewe vifuu.

Mwili unataka kuchoka

Mtoto anayepanda kabati saa kumi jioni si mtundu kuliko wenzake. Mara nyingi ni mtoto ambaye mwili wake haukupata kazi tangu asubuhi. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate angalau dakika 180 za kutembeatembea, kucheza na kujinyoosha katika siku nzima, na asifungwe mahali pamoja, awe mgongoni, kitini au kwenye kigari, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Dakika hizo 180 si lazima zifuatane. Tano hapa na kumi pale zinahesabika.

Ndani ya chumba kidogo, godoro ndilo uwanja. Likishushwa sakafuni na kukunjwa linakuwa kilima cha kupanda na kushuka. Likitandazwa na mito miwili kando linakuwa mahali pa kubingirika. Mtoto apite chini ya meza kama paka, arudi kama kaa, atambae kama kobe. Aliyefikisha miaka 2 na nusu anaweza kujaribu kuruka kwa miguu yote miwili kutoka kwenye mkeka hadi kwenye leso. Katoni ya dukani iliyofungwa kamba fupi inakuwa gari la kuvuta, na abiria wake ni mtoto wa bandia aliyefungwa kwa leso kuukuu. Kamba isizidi urefu wa mkono wa mtoto, isije ikamzunguka shingoni, na mchezo ukiisha ikusanywe.

Ngoma nayo haihitaji redio. Sufuria kuukuu na mwiko vinatosha, mlezi akipiga mtoto acheze, akinyamaza mtoto asimame kama mti. Kule kusimama ghafla humfundisha kujizuia, jambo gumu sana kwa umri huo, na ndiyo maana hucheka kila linapomshinda. Kwa sababu ya majirani, mchezo huu una saa zake. Anayefanya kazi ya usiku bandarini na kulala mchana chumba cha tatu anastahili kufikiriwa, na ukumbi wenyewe, kama wapangaji wote wamekubaliana na mlango wa mbele umefungwa, ni uwanja mrefu kuliko chumba chochote. Nyumba zenye watoto watatu au wanne zinaweza kupeana zamu: mama mmoja awatazame wote ukumbini kwa saa moja huku wengine wakipika.

Akishachoka, alale. Mwongozo huo huo unataja usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 2.

Leso na maneno

Leso moja ina michezo mingi kuliko inavyodhaniwa. Mlezi ajifunike uso, aulize, "Mama yuko wapi?", kisha ajifunue. Mtoto aliyezoea atajifunika mwenyewe na kudhani amefichika mwili mzima. Kikombe kikifichwa chini ya leso, mtoto wa mwaka mmoja atakifunua na kukitoa. Mswisi Jean Piaget, aliyewachunguza kwa makini watoto wake watatu walipokuwa wadogo, aliona kwamba mtoto mchanga huacha kutafuta kitu kikishafunikwa, kana kwamba hakipo tena, na kwamba kukitafuta ni hatua kubwa ya akili. Kwa hivyo mchezo wa kibe unaochezwa chumbani, hata mtoto akijificha nyuma ya pazia na miguu yake ikionekana, ni somo kamili.

Leso ina maandishi pia. Mlezi anayejua kusoma ayapitishie kidole na kuyasoma kwa sauti. Mtoto hataelewa methali, lakini ataona kwamba alama zile huwa zinasema kitu. Paketi ya unga, kalenda ukutani na gazeti lililofungia samaki jana (likiwa safi) ni vitabu vya nyumba isiyo na vitabu. "Ng'ombe yuko wapi?" mbele ya paketi ya maziwa ni swali zuri kwa mtoto wa miaka 2.

Hata kuitikia "Pakawa!" mlezi akisema "Paukwa!" ni mchezo kwa mtoto ambaye hadithi yenyewe bado haimwingii. Anajifunza kungoja zamu yake na kujibu. Mazungumzo ya mtoto mdogo yako hivyo, nipe nikupe. Akisema "ma!" akionyesha ndoo, mlezi asipite kimya. Amrudishie neno zima: "Maji. Unataka maji." Lugha iwe ile inayozungumzwa nyumbani, iwe Kiswahili, Kigiriama, Kidigo, Kikamba au nyingine, na azungumziwe kwa maneno kamili. Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri hana haja ya kujilazimisha kwa hofu ya shule. Lugha ambayo mlezi anaimudu ndiyo yenye maneno mengi ya kumpa mtoto.

Mtoto pia anaweza kusaidia kazi halisi. Apewe soksi atafute mwenzake, akunje kitambaa cha mezani, apeleke kikombe kisichovunjika kwa babu. Kazi itachukua muda maradufu na huenda ikarudiwa akishalala. Hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na saa moja ya kuvutana naye.

Kuhusu simu

Simu humnyamazisha mtoto, na hakuna mlezi aliyechoka asiyelijua hilo. Mwongozo wa mwaka wa 2019 haupendekezi kabisa kukaa mbele ya skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unaweka mwisho wa saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Tatizo la simu ni kwamba haimjibu. Mtoto akionyesha paka kwenye skrini na kusema "nyau", video inaendelea kana kwamba hakusema kitu. Pia saa anayokaa bila kusogea inaondolewa kwenye zile dakika 180.

Kuongea na baba aliye kazini Nairobi au Doha kwa simu ya video ni jambo jingine, kwa kuwa upande wa pili yupo mtu anayemwita kwa jina na kumjibu. Hilo lisikatazwe.

Kwa mama wa mahamri, kama siku fulani hakuna mtu wa kumshika mtoto na mafuta yako motoni, dakika kumi za katuni nyuma ya benchi ni afadhali kuliko mtoto miguuni. Ila iwe akiba ya dakika hizo kumi, wala si ratiba ya siku.

Anapolelewa na mtu mwingine

Wazazi wengi wanaofanya kazi ya vibarua, sokoni au viwandani humwacha mtoto kwa dada wa kazi au kwa mama wa mtaa anayelea watoto kadhaa kwa malipo ya siku. Katiba ya mwaka wa 2010 inaweka elimu ya chekechea na vituo vya kutunza watoto miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, lakini jicho la kwanza ni la mzazi. Mbali na kuuliza kama mtoto amekula, aulize amecheza nini leo. Afike siku moja saa ambayo hakutarajiwa. Aangalie kama watoto wana mahali pa kutambaa, kama maji na moto viko mbali nao, na kama wanaongeleshwa.

Mtoto anayekutwa amelala kila siku, saa zote, na ambaye nyumbani jioni ni mzito na hachangamki, asichukuliwe kuwa mpole. Wako wanaowapa watoto dawa za mafua na kikohozi zenye kuleta usingizi ili watulie. Dawa hizo zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto mdogo hadi kiwango cha hatari. Mzazi akishuku hivyo ampeleke mtoto hospitali na aseme waziwazi anachoshuku.

Ni vyema mzazi amwachie mlezi kikapu cha vyombo pamoja na nepi na uji, na amweleze kinavyotumika. Dada wa kazi wa miaka kumi na tisa ambaye hakuambiwa kwamba kucheza na mtoto ni sehemu ya kazi yake ataona aibu kukutwa ameketi mkekani, naye atainuka kuosha vyombo mara mzazi anapoingia.

Michezo hii pia humpa mzazi nafasi ya kumwona mtoto vizuri. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki kina orodha ya hatua za ukuaji. Watoto wengi hutembea kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na wanapofikisha miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo" au "nataka maji". Mtoto ambaye hajatembea akiwa na miezi 18, asiyegeuka anapoitwa jina, asiyeonyesha kitu kwa kidole, au aliyekuwa akisema maneno kisha akayaacha, apelekwe kliniki ya watoto katika kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja chanjo inayofuata. Mzazi aende na kijitabu hicho na aeleze alichokiona mkekani: anashika kwa mkono upi, anatafuta kilichofichwa au la, anaitikia sauti gani. Mhudumu wa afya wa jamii anayetembelea nyumba za mtaa anaweza kumwelekeza. Mwenye habari kuhusu mtoto anayedhulumiwa au kuachwa peke yake anaweza kupiga nambari 116 bila malipo, saa yoyote ya usiku au mchana.